Huyu ni Mgonjwa, si Mchawi

Ndugu wasikilizaji, hapa Tabora wako wazee ambao jua likizama hufunga kibunda na kutaka kuondoka. Ukimwuliza bibi anakwenda wapi, hujibu kwamba anakwenda kwao, na kumbe yumo nyumbani mwake. Ukimzuia, hupiga kelele, hutukana, pengine huinua mkongojo. Asubuhi majirani wananong'ona: yule mzee hutembea usiku.

Kwetu Unyamwezini na kwa jirani zetu Usukumani, mnong'ono huo ni hatari. Tangu miaka ya 1970 vikongwe wengi wameuawa kwa mapanga wakishukiwa uchawi. Wengine kosa lao lilikuwa macho mekundu tu, kwa sababu ya moshi wa jikoni.

Ugonjwa wa kusahau una aina nyingi. Ulio wa kawaida zaidi ulielezwa mwaka 1906 na daktari Mjerumani, Alois Alzheimer. Seli za ubongo hupelekeana habari kwa kemikali. Sisi wa Tabora tutaelewa upesi, maana babu zetu walikuwa wapagazi wa misafara ya Bagamoyo hadi Ujiji. Wapagazi wakipungua, mzigo haufiki. Kemikali iitwayo asetilikolini husaidia kumbukumbu. Serotonini husaidia kutuliza hasira. Katika ugonjwa huu zote mbili hupungua. Bibi anaisahau nyumba yake, na hasira yake inakosa kizuizi.

Lakini kemikali si sababu pekee. Asiyeweza kusema "naumwa" atapiga kelele. Tazameni kwanza kama ana kiu, maumivu au choo kigumu. Fujo ikianza ghafla, mpelekeni hospitali, huenda ni maambukizi ya njia ya mkojo. Msimnunulie vidonge vya kumtuliza bila daktari. Baadhi ya dawa hizo huongeza hatari ya kifo kwa wagonjwa hawa, na Marekani ilitoa onyo mwaka 2005. Washeni taa mapema. Msibishane naye. Akitaka kwenda kwao, mshikeni mkono, tembeeni naye hadi mwembeni, kisha mrudi.

Utafiti wa Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2013, ulikuta kwamba kati ya wazee 100 wenye miaka 70 na zaidi, kama 6 wana ugonjwa wa kusahau. Basi kila mtaa una bibi huyu au babu huyu. Utakaposikia mnong'ono kisimani au kilabuni, usinyamaze. Sema: huyu ni mgonjwa, na ana wenyewe.

Kwaherini hadi juma lijalo.