Madoa ya Mabibo katika Nguo za Zamani



Katika nyumba nyingi za Masasi na Newala hakukosekani sanduku, na ndani yake shuka, foronya au kitambaa cha meza kilichodariziwa na mikono ambayo sasa imepumzika. Nguo hizo hutolewa siku ya arusi au wageni wajapo. Na ikiwa ni majira ya korosho, kuanzia Oktoba, ni nadra zikarudi sandukuni pasipo tone la bibo.

Sisi wenyewe tulipata kuharibu kitambaa cha namna hiyo. Tuliona doa hafifu, mfano wa chai, tukalipaka sabuni na kulisugua, likazidi weusi. Tukaghadhibika, tukamimina dawa kali ya kung'arisha nguo. Doa likatoka, na nyuzi zikatoka nalo. Shangazi yetu, mwenye kitambaa, hakusema neno. Alikikunja akakirudisha sandukuni na tundu lake.

Kosa letu lilikuwa kuanza na sabuni. Ule ukakasi wa bibo, ukaushao ulimi, hukolea rangi ukikutana na sabuni, na ukikutana na chuma huwa kama wino. Basi ndoo yenye kutu haifai. Twaeni beseni la plastiki, au la enameli isiyobanduka.

Kwanza inueni nguo mbele ya dirisha mtazame kama nyuzi zingali imara. Kisha ilowesheni katika maji baridi, mkiyabadili kila yageukapo rangi, wala msiisugue. Twajua neno hili ni zito kwa watu wa Newala, ambako zamani akina mama waliteremka hata mabondeni kutafuta maji, wakapanda nayo kichwani. Lakini maji hayo ndiyo yafanyayo nusu ya kazi. Likibaki doa katika nguo nyeupe, tieni maji ya ndimu na chumvi kidogo, mwitandaze juu ya majani juani, si juu ya ule udongo mwekundu! Msiiache ikauke na ndimu, maana ukali wake hula pamba na kitani, isuuzeni sana. Hapo ndipo sabuni ipate zamu yake. Pasi ingoje mpaka doa litoke, kwa kuwa moto hulikaza.

Lakini mafuta meusi ya ganda la korosho ni jambo jingine. Huko India uko mti wa jamaa moja na mkorosho, ambao madobi walitumia utomvu wa tunda lake kutia alama nguo za watu, kwa sababu haufutiki kwa kufua. Doa la namna hiyo likiingia katika shuka la bibi, twaona heri liachwe, au lidariziwe ua juu yake kwa uzi mwembamba, rangi ile ile ya maua ya kwanza.