Uaminifu Si Kutoiba Tu

Neno letu la leo linatoka katika Injili ya Mathayo, mlango wa 25, tangu aya ya 14 hadi ya 30. Ni mfano wa talanta.

Bwana mmoja alisafiri, akawaachia watumwa wake mali yake. Wawili walifanya biashara wakapata faida. Wa tatu alichimba shimo akaifukia talanta yake. Tuangalie jambo moja: huyu wa tatu hakuiba. Bwana wake aliporudi, alimrudishia mali yake bila kupungua. Hata hivyo alihukumiwa.

Sisi tunaokaa Dandora tusione ajabu. Mtaa wetu ulitokana na mradi wa makao ulioanzishwa mwaka 1975 kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Viwanja vilikuwa 6,000 hivi, kwa ajili ya watu wa mapato madogo. Wengi waliopewa hawakukuta nyumba. Walikuta choo na bafu, maji ya bomba, na mabomba ya maji machafu chini ya ardhi. Vyumba walipaswa kujenga wenyewe. Mtu angeweza kukilinda kiwanja chake na kukifagia kila asubuhi, asijenge hata ukuta mmoja. Asingekuwa mwizi. Lakini watoto wake wangelala wapi?

Ndugu, neno hili limetuhukumu sisi kwanza. Mwaka mmoja, kanisani mwetu, tulichanga sadaka ya karo kwa mtoto wa mama mmoja mjane. Zikapatikana shilingi 14,000. Shule zilikuwa zimefungwa, na kanisa lilipungukiwa na viti. Sisi wachungaji na wazee tulipatana: "Tununue viti kwa fedha hizi, tutazirudisha kabla ya shule kufunguliwa." Hakuna aliyekula hata senti moja. Viti vilikuwa vya kanisa, na watu walivikalia wakisikiliza Neno la Mungu.

Shule zikafunguliwa, fedha hazijarudi. Mtoto akafukuzwa kwa kukosa karo. Jioni moja yule mama akaja kwenye mkutano wetu. Tukampa kiti, nacho kilikuwa kimoja cha vile vipya. Hakuja kutushtaki. Alisema, "Wazee wangu, naomba mniombee. Mtoto yuko nyumbani, na labda Mungu ana sababu yake."

Tulisimama tuombe, na hakuna aliyeweza kuanza.

Tulimwambia ukweli usiku ule ule. Tulitoa mifukoni mwetu, na Jumapili tukaungama mbele ya washirika wote. Tangu hapo kila sadaka yenye kazi yake huandikwa peke yake, na hesabu yake husomwa kanisani. Mtoto alirudi shuleni baada ya kukosa majuma matatu. Fedha tuliweza kuzirudisha. Yale majuma matatu hatukuweza.

Wapendwa, wakili haulizwi tu, "Je, umeiba?" Huulizwa pia, "Nilichokupa kimefanya kazi niliyokupa?" Mwenye nyumba unayepokea kodi, je, choo cha wapangaji wako kinafaa? Mweka hazina wa chama, fedha za mgonjwa zitamfikia angali mgonjwa? Kijana uliyesomeshwa kwa jasho la wazazi, elimu ile inamfaa nani? Tusingoje Bwana arudi ndipo tulichimbue shimo letu. Tuanze leo, hata kwa kidogo.

Na tuombe. Ee Bwana, vyote tulivyo navyo ni vyako. Utusamehe vile tulivyovifukia, na vile tulivyovigeuza njia hata kwa kazi iliyoonekana njema. Utupe moyo wa uwakili mwaminifu, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.