Kimo cha Mgombea na Lakabu za Kaskazini Mashariki

Ni jamii chache nchini Kenya zinazoutaja mwili wa mtu kwa uwazi kama Wasomali wa Garissa, Wajir na Mandera, ambao kwao lakabu, yaani jina la ziada linalotokana na alama ya mwili, tabia au kisa fulani, humganda mtu tangu utotoni na mara nyingi hujulikana na watu wengi zaidi kuliko jina lililoandikwa kwenye kitambulisho chake. Mtu mrefu huitwa Dheere, mfupi huitwa Gaab, mwenye rangi iliyokoza huitwa Madobe, wala wenye madaraka hawasazwi. Mohamed Siad Barre, aliyeitawala Somalia kuanzia 1969 hadi alipoangushwa Januari 1991, alijulikana kwa lakabu ya Afweyne, mwenye mdomo mkubwa. Mohamed Omar Habeb, aliyekuwa meya wa Mogadishu mwaka 2007 na 2008, alijulikana kama Mohamed Dheere. Na Ahmed Mohamed Islam, rais wa Jubaland, jimbo la Somalia linalopakana na kaunti ya Garissa, hutajwa kila siku na vyombo vya habari kwa jina la Ahmed Madobe, kiasi kwamba wengi wangepata shida kumtambua kwa jina lake kamili.

Desturi hii ina sababu ya msingi, nayo haihusiani na dharau. Jina la Msomali huundwa kwa jina lake mwenyewe, likifuatiwa na la baba na la babu, pasipo jina la ukoo linalorithiwa na watu wote wa nyumba moja, na kwa kuwa majina yanayopendwa ni machache, yakiwemo Mohamed, Abdi, Ali, Hassan na Ahmed, mji mmoja unaweza kuwa na watu wengi wanaoitwa kwa majina matatu yale yale na kwa mpangilio ule ule. Lakabu huondoa utata huo: humtenga mtu mmoja na wenzake wanaofanana naye kwa jina, na ikishafanya hivyo kazi yake imekwisha, kwa sababu kumwita mtu Gaab hakusemi lolote juu ya akili yake, uaminifu wake au ushujaa wake. Wanazuoni wa Kiislamu walilitafakari jambo hili zamani sana, maana Sura ya Al-Hujurat inakataza waumini kuitana kwa majina ya kufedhehesha, ilhali baadhi ya wapokezi wakubwa wa hadithi za Mtume wanajulikana hadi leo kwa kasoro za miili yao, kama vile Sulayman al-A'mash, aliyeitwa hivyo kwa udhaifu wa macho, na Abd al-Rahman al-A'raj, aliyeitwa hivyo kwa kuchechemea. Hukumu iliyofikiwa na wengi wao ni kwamba lakabu ya kumtambulisha mtu inaruhusiwa na lakabu ya kumdhalilisha hairuhusiwi, na mpaka kati ya hizo mbili ni nia ya anayeitamka.

Katika siasa za uchaguzi mpaka huo umevukwa, na mwili umepewa kazi ambayo lakabu haikupata kuwa nayo. Mgombea anapopanda jukwaani, mazungumzo ya watazamaji mara nyingi huanza na kimo chake, upana wa mabega yake, sauti yake, weupe wa kanzu yake na namna alivyoishika bakora, kisha kutokana na hayo hutolewa hukumu kwamba huyu ana haiba ya uongozi na yule hana. Mrefu anasifiwa kuwa ataonekana mbele ya watu wa Nairobi, na mfupi anaulizwa atasikikaje bungeni. Wapanga kampeni wanalijua hilo vizuri, ndiyo maana mabango humwonyesha mgombea akiwa amepigwa picha kutoka chini ili aonekane mrefu, na ndiyo maana mwanasiasa mgeni akifika Garissa kutoka bara huvikwa kikoi, kofia na shali kabla ya kupewa kipaza sauti, kana kwamba vazi la saa mbili linaweza kuthibitisha ujuzi wa matatizo ya wafugaji.

Udhaifu huu si wa watu wa Kaskazini Mashariki peke yao. Mwaka 1920 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Thorndike, alichapisha uchunguzi kuhusu maofisa wa jeshi waliowapa alama watu waliokuwa chini yao kwa kuzingatia umbo, akili, uongozi na tabia, akagundua kwamba alama hizo zilifuatana kupita kiasi, yaani aliyesifiwa kwa umbo alisifiwa pia kwa akili na uongozi, ingawa mambo hayo hayana sababu ya kuandamana kwa ukaribu huo. Hali hiyo huitwa athari ya nuru: sifa moja inayoonekana kwa macho huzimulika sifa nyingine zisizoonekana, na mtazamaji huamini kwamba amezipima zote. Mwaka 2005 Alexander Todorov wa Chuo Kikuu cha Princeton na wenzake waliwaonyesha watu picha za nyuso za wagombea wa Bunge la Marekani ambao watu hao hawakuwafahamu, wakawauliza ni nani katika kila jozi anayeonekana kuwa na uwezo zaidi, na katika takriban asilimia 70 ya vinyang'anyiro vya useneti uso uliochaguliwa ulikuwa wa mshindi, hata picha ilipoonyeshwa kwa sekunde moja tu. Utafiti huo haukuthibitisha kwamba nyuso hizo zilikuwa za watu wenye uwezo. Ulionyesha kwamba hukumu za wapiga kura na za watazamaji hao zilielekea upande mmoja. Katika nchi hiyo hiyo James Madison, rais aliyekuwa mfupi kuliko wengine wote kwa kimo cha takriban sentimita 163, ndiye anayehesabiwa kuwa mwandishi mkuu wa katiba ambayo marais warefu waliomfuata wameapa kuilinda.

Wapo wanaotetea kimo kwa hoja ya dini, wakitaja kisa cha Talut katika Sura ya Al-Baqara, mfalme aliyeteuliwa juu ya Wana wa Israeli na ambaye inaelezwa kwamba alizidishiwa elimu na mwili. Hoja hiyo inastahili kujibiwa kwa heshima, kwa sababu kisa chenyewe kinasema zaidi ya wanachokitaja. Elimu imetangulia mwili katika maelezo hayo, na uteuzi ulikuwa wa jemadari wa vita katika zama ambazo kiongozi alikwenda mstari wa mbele na upanga mkononi. Tena pingamizi la watu wake lilihusu mali, maana walimwona hafai kwa kuwa hakuwa tajiri, jambo linalopaswa kuwagusa wapiga kura wa leo kuliko suala la kimo. Isitoshe, kisa hicho hicho kinaishia kwa Jalut, shujaa aliyeogopwa na jeshi zima, kuuawa na Daudi. Msomaji anayekichukua kisa hiki kama ushahidi wa ubora wa warefu amekiacha njiani.

Kuna sababu nyingine, nzito zaidi, inayopaswa kuwafanya watu wa Garissa, Wajir na Mandera wawe na tahadhari kuliko wengine kuhusu kumhukumu mtu kwa wajihi wake, nayo ni historia yao wenyewe. Wakoloni wa Kiingereza walikuja na nadharia ya Kihamiti, iliyoelezwa kwa kirefu na C. G. Seligman katika kitabu chake cha mwaka 1930, iliyodai kwamba watu wa Pembe ya Afrika, kwa pua zao, nywele zao na wembamba wa miili yao, ni wa asili tofauti na bora kuliko Waafrika wenzao. Sheria ya mwaka 1919 iliwapa baadhi ya Wasomali wa mijini msamaha wa kutohesabiwa kuwa wenyeji kwa mambo fulani, na katika miaka ya 1930 baadhi yao walidai watozwe kodi ya Waasia na kupewa hadhi yao. Sifa hiyo ya sura haikuwafaa wafugaji wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, iliyojumuisha kaunti hizi wakati wa ukoloni, ambao eneo lao liliendelea kufungwa na kutawaliwa kwa sheria maalumu, na baada ya uhuru sura ile ile iliyosifiwa ikageuka kuwa sababu ya kushukiwa.

Novemba 1989 serikali iliamuru Wakenya wote wenye asili ya Kisomali waliotimiza miaka 18 wajiandikishe na kuhojiwa upya ili kuthibitisha uraia wao, na waliokubaliwa walipewa kadi ya pili ya rangi ya waridi ambayo hakuna kabila jingine lililotakiwa kuibeba. Amri hiyo ilitolewa wakati mkuu wa majeshi yote ya Kenya akiwa Jenerali Mahmoud Mohamed, Msomali kutoka Garissa, ambaye Agosti 1982 aliongoza askari waliokikomboa kituo cha redio ya taifa kutoka mikononi mwa waasi waliojaribu kuipindua serikali, na ambaye ndugu yake, Hussein Maalim Mohamed, alikuwa Msomali wa kwanza kuingia katika baraza la mawaziri mwaka 1983. Aprili 2014, katika operesheni iliyoitwa Usalama Watch, maelfu ya watu walikamatwa katika mtaa wa Eastleigh jijini Nairobi na kwingineko na wengi kuzuiliwa katika uwanja wa Kasarani, na yeyote aliyekuwapo Nairobi wakati huo anafahamu kwamba uso na vazi vilitosha kumfanya mtu asimamishwe. Ukaguzi wa ziada wa wanaoomba vitambulisho katika kaunti za mpakani ulitangazwa kuondolewa na Rais William Ruto Februari 2025 akiwa Wajir, zaidi ya miaka 35 baada ya kadi za waridi. Jamii iliyotendewa hivi inajua kwa uchungu thamani ya hukumu inayotolewa kwa kutazama tu.

Wanaoumia zaidi kwa tabia hii ni wanawake, ambao hutazamwa mara mbili: kwanza kama miili, kisha kama miili iliyo mahali isipotakiwa. Mgombea wa kike hupimwa kwa namna alivyofunga hijabu, kwa sauti yake ikipanda, kwa rangi ya nguo yake, na sera zake hufikiwa mwisho kama zinafikiwa. Sophia Abdi Noor alilazimika kusubiri hadi 2017 ndipo achaguliwe mbunge wa Ijara, akiwa mwanamke wa kwanza kushinda kiti cha eneo bunge katika Kaskazini Mashariki nzima, zaidi ya nusu karne baada ya uhuru. Watu wenye ulemavu nao hali yao haina tofauti kubwa.

Haifuati kutokana na haya kwamba picha ya kiongozi haina maana yoyote. Septemba 2013, magaidi waliposhambulia jumba la Westgate jijini Nairobi, Abdul Haji, wakati huo mfanyabiashara, alipigwa picha akiwa na bastola akiwasaidia watu kutoka, na mwaka 2021 alipita bila kupingwa kuwa seneta wa Garissa baada ya kifo cha baba yake, Mohamed Yusuf Haji. Jina la baba lilikuwa na uzito wake, bila shaka, lakini picha ile ilienea duniani kwa sababu ya kitendo kilichomo ndani yake, na hakuna aliyeuliza mtu huyo alikuwa na kimo gani.

Sheria yenyewe imekwisha kuamua mahali pa futi na mizani. Jeshi la Ulinzi humtaka kuruta awe na urefu usiopungua mita 1.60, na ni haki yake, kwa kuwa kuruta atabeba silaha. Lakini Kifungu cha 99 cha Katiba ya 2010, kinachotaja sifa za anayegombea ubunge, na Sura ya Sita, inayohusu uongozi na uadilifu, havisemi neno juu ya kimo wala sura. Kinachopaswa kupimwa kwa mwanasiasa ni kikubwa zaidi: katika mwaka wa fedha wa 2021/22 pekee, mgao wa mapato ya taifa kwa Garissa ulikuwa takriban shilingi bilioni 7.9, kwa Wajir bilioni 9.5 na kwa Mandera bilioni 11.2, na matumizi ya fedha hizo hukaguliwa kila mwaka na Mkaguzi Mkuu wa Serikali katika ripoti zinazotolewa kwa umma. Uchaguzi mkuu ujao umepangwa kufanyika tarehe 10 Agosti 2027. Wapiga kura wenye mtoto au jirani aliyesoma wanaombwa wamtume awatafutie ripoti ya kaunti yao, awasomee na kuwafasiria kwa lugha ya nyumbani, na mgombea atakapofika kuomba kura, awe Dheere au Gaab, wamuulize kuhusu visima na zahanati zilizoandikwa humo.