Masingini na Maji Yake



Nimepewa nafasi niseme machache juu ya kwetu, kabla ya kikao cha kesho kujadili pendekezo la kuuza kiambo cha marehemu bibi yetu, huko Kianga, ili pajengwe nyumba za kupangisha.

Vijana mliozoea kuutazama Jabal Akhdhar mtacheka mkisikia Masingini nayo huitwa mlima. Haifiki hata mita 150. Lakini katika Unguja hakuna pa juu kuliko hapo, na msitu wake umezungukwa na Bububu, Mwanyanya, Kianga na Dole. Mvua inyeshayo juu hushikwa na miti, ikazama ardhini taratibu, kisha ikatokea chini kuwa chemchemi. Sayyid Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, aliyavuta maji ya Bububu hadi mjini, yakiteremka yenyewe bila ya mashine, mfano wa falaji za hapa Oman. (Wasemao kuwa Bububu ni mlio wa gari la moshi msiwasikilize: reli ilianza 1905, na Bibi Salme alikwishalitaja jina hilo katika kitabu chake cha 1886.)

Msitu wenyewe ni hifadhi ya serikali. Tatizo ni pembezoni mwake, ambako mji umekwisha kupanda. Palipoezekwa bati na kumwagwa saruji, maji hayazami, hukimbilia baharini. Hapa Oman mama wa falaji ana harimu yake, na mtu hachimbi karibu naye apendavyo. Bibi hakuijua sheria hiyo, lakini mikarafuu na miembe yake ilifanya kazi ile ile.

Aliyeleta pendekezo ana haja ya kweli. Ada za vyuo vya Uingereza si mchezo. Hata hivyo, shauri langu ni tumchangie yeye, kiambo kibaki. Majirani wangali wakiteka maji katika kisima kile.

Disemba baadhi yenu mtakwenda Unguja. Msiishie Forodhani na Nungwi. Nendeni Kianga, mkaonyeshwe kisima na miti iliyosalia, kisha mtuletee habari. Naomba kura ingoje hadi mrudi.