Wenye Maduka wa Wundanyi na Daftari la Madeni

Wundanyi ni mji mdogo uliojengwa juu katika Milima ya Taita. Msafiri atokaye Voi hupita Mwatate, kisha barabara huanza kupanda kwa mizunguko mingi, na joto la nyika hubaki chini. Katika milima hiyo kilele kilicho kirefu kupita vyote ni Vuria, chenye meta 2,208 kutoka usawa wa bahari. Wakati wa baridi ukungu huweza kuufunika mji asubuhi, na milango ya maduka hufunguliwa kabla jua halijaonekana.

Watu wengi hudhani kwamba mwenye duka ni mtu wa kukaa kivulini na kuhesabu fedha. Lakini yafaa ijulikane kwamba unga, sukari, chumvi na sabuni havioti mlimani. Vitu hivyo hupandishwa kwa gari, na nauli yake ni lazima iingizwe katika bei. Katika mvua za masika na za vuli barabara huwa mbaya, na gari likichelewa, mwenye duka ndiye anayelaumiwa.

Tena duka la mlimani si mahali pa kununua tu, ni baraza. Wazee huketi kwenye benchi la nje na kuulizana habari za mvua, za watoto walioko Mombasa, na za mgonjwa wa kijiji cha pili. Mpita njia huacha mzigo wake hapo na kuuchukua jioni. Kwa hiyo mwenye duka huwajua watu wote, nao humjua. Na hapa ndipo ugumu wa kazi yake ulipo.

Wakulima wengi wa Taita hulima mboga, na fedha huwafikia baada ya mavuno. Kati ya kupanda na kuvuna, nyumba haziwezi kukaa bila unga. Basi shangazi huja na kusema, "Mwanangu, niandikie kilo mbili, nitalipa mwisho wa mwezi." Ni nani awezaye kumfukuza shangazi yake?

Lakini hesabu haina ujamaa. Tuseme mwenye duka amenunua bidhaa kwa shilingi 10,000, naye ataziuza kwa shilingi 11,000. Mtu mmoja akichukua vitu vya shilingi 1,000 asilipe, faida yote imekwisha. Wa pili akifanya vivyo hivyo, mtaji wenyewe umeanza kuliwa. Mwisho rafu huwa tupu, duka hufungwa, na hata yule aliyekuwa akilipa vizuri hulazimika kutembea mbali kutafuta chumvi.

Jambo jingine limeongezeka tangu mwaka 2007, wakati huduma ya M-Pesa ilipoanza katika Kenya. Wenye maduka wengi wamekuwa mawakala, na mzazi hupokea papo hapo dukani fedha alizotumiwa na mwanawe kutoka mjini. Mwenye duka huzihesabu kwa mkono wake na kumkabidhi mtu ambaye jina lake limo katika daftari la madeni, wala hatamki neno mbele ya watu. Fedha za mtu ni siri yake, na wakala atoaye siri hupoteza heshima kuliko apotezaye shilingi. Atangoja mpaka benchi liwe tupu, ndipo aulize kwa upole.

Imeonekana kwamba maduka yanayodumu ni yale yenye desturi chache zilizo wazi. Kila deni huandikwa mbele ya mdeni mwenyewe, pamoja na siku ya kulipa. Kila nyumba huwekewa kiasi ambacho deni halipaswi kukipita. Fedha za duka hazichanganywi na fedha za nyumbani. Na kwa upande wa mnunuzi, aliyeshindwa kulipa huja kusema mapema, badala ya kupita njia ya nyuma.

Wahenga walisema, "Kukopa harusi, kulipa matanga." Lakini matanga ya kweli yanapoingia kijijini, mwenye duka hufunga mlango wake, akatoa mchango, akaenda makaburini pamoja na wanaomdai na wale anaowadai. Kesho yake daftari hufunguliwa tena. Mji mdogo huishi kwa mambo hayo mawili: huruma iliyo na mpaka, na deni lililolipwa.