Sotoka, Nyumbu na Majani ya Serengeti

Mwaka 1965 mwanafunzi wa Oxford, Anthony Sinclair, aliyekulia Tanganyika, aliingia Serengeti, kisha akashika uchunguzi wa nyati. Akakuta nyati na nyumbu wakiongezeka mwaka hata mwaka. Chanzo chake kilikuwa nje ya hifadhi, mazizini. Ng'ombe waliokuwa wakiuhifadhi ugonjwa wa sotoka walikuwa wamechanjwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ugonjwa huo ukatoweka porini. Wafugaji wale, kwa haki, wastahili kutajwa katika elimu hii kuliko wanavyotajwa.

Nyumbu, waliokadiriwa kuwa 250,000 mwaka 1961, walizidi milioni moja kufikia mwaka 1977. Wingi huo ulikula majani. Majani yalipopungua, moto wa kiangazi ukakosa cha kuteketeza, na miche ya miti ikapata kukua. Mambo hayo hayaonekani kwa hesabu ya msimu mmoja. Sinclair, hata alipokuwa profesa katika Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, aliendelea kurudi Serengeti kuhesabu kwa zaidi ya miaka arobaini. Mwaka 2011 sotoka ilitangazwa kuwa imekwisha duniani kote.