Kufa na Kuzikana

Jioni hii nataka kusema nanyi habari za neno ambalo watu wengi hulitamka, walakini wachache hulipima: "rafiki wa kufa na kuzikana." Urafiki wa kweli twaupima kwa kazi ambayo atendewaye hatakuwapo kuishukuru.

Huko Kirua Vunjo, katika mteremko wa Kilimanjaro, kati ya Old Moshi na Kilema, kazi hiyo yaonekana wazi. Makaburi ya watu wengi yamo kihambani, ndani ya migomba na mikahawa, na kandokando yake yamepandwa masale. Mtoto aendaye kukata majani ya ng'ombe hupita karibu na babu yake. Ndiyo maana kesi za mipaka huko ni chungu sana: ugawapo kihamba, wagawa na wafu.

Lakini isale lina kazi nyingine. Tangu zamani Mchaga aliyemkosea mwenzake alimpelekea jani la isale kuomba msamaha, na ilikuwa aibu kubwa kulikataa. Basi mmea ule ule uwekao alama ya kaburi ndio upatanishao walio hai. Msiba ukitokea, hata jirani aliyegombana na marehemu juu ya mfereji wa maji hutazamiwa kufika na jembe begani. Asipofika, watu watauliza: na siku yake, nani atamchimbia?

Reli ilifika Moshi mwaka 1911, na tangu siku zile watoto wa Vunjo wametawanyika. Mtu akifa Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 500, wenzake wa mjini huchanga fedha za jeneza na gari ili arudishwe. Bwana Augustino Mrema, aliyekuwa Mbunge wa Vunjo, alifariki Dar es Salaam mwaka 2022, akazikwa kwao Kiraracha. Wako wasemao kwamba fedha hizo zingesomesha yatima. Hoja yao ina uzito, maana matanga ya fahari huwaachia wajane deni. Kwa maoni yangu, fahari na ipunguzwe, mchango ubaki.

Michango huandikwa katika daftari, jina kwa jina, shilingi kwa shilingi, na mjane hulihifadhi sandukuni. Hakuna ajaye kudai. Siku msiba utakapobisha kwa jirani, daftari hufunguliwa, naye mjane huondoka na mkungu wake wa ndizi kichwani.